Kifungu cha Biharusi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda skuli anakosomesha, Buthaina alisimama kwenye mlango wa ua, mkoba begani na ufunguo wa gari mkononi, akageuka na kusema, "Ruhusa?" Mumewe Khattab, akiwa bado anajifunga kilemba mbele ya kioo, alijibu, "Ruhusa." Hapo ndipo alipotoka. Majirani wa pale Ibra waliisifu nyumba ile kwa jambo hilo. Kwenye soko la wanawake la Jumatano, mama mmoja muuza udi aliwahi kuwaambia binti zake waende wakajifunze adabu kwa wake wa nyumba ya Abdullatif, maana siku hizi mwanamke anatoka kwake kama anavyotoka paka.

Haikuwa adabu. Ilikuwa sheria ya ushahidi.

Katika nyumba ile, neno ambalo mume amemwambia mkewe halikuweza kutoka kinywani mwa mke kumfikia mtu wa tatu, ila mume awe ameruhusu. Mdomo ulifunguka, ulimi ulikwenda ulipotakiwa kwenda, na sauti haikuja. Kuandika hakukusaidia: kalamu ilipita juu ya karatasi bila ya kuacha alama, na ujumbe wa simu ulifika mtupu. Hata kuitikia kwa kichwa, shingo ilikataa. Mwaka wa kwanza wa ndoa yake Buthaina alikuwa hajazoea kuomba ruhusa, na salamu zote alizotoa Khattab kwa mama mkwe wake aliyeko Sur hazikufika. Bi Kaltham, mamake Buthaina, aliamua kuwa mkwewe ana kiburi, na mpaka leo hajabadilisha rai yake. Wanaume nao walifungwa vivyo hivyo kwa maneno ya wake zao, lakini haikusikika kuwa hata mmoja wao aliwahi kuwa na haja ya kuyapeleka popote.

Sheria hiyo aliileta Abdullatif, babu yake Khattab. Zama za Mwingereza alikuwa mkalimani wa mahakama Unguja mjini, na sheria za pale, ya mikataba, ya ushahidi na nyengine nyingi, zilikuwa za Bara Hindi. Waingereza walizitunga kwa ajili ya Wahindi, wakaona kazi imeshafanyika, wakazivusha zikatumika na Unguja. Mwarabu, Mngazija na Banyani walihukumiwa kwa vifungu hivyo hivyo, na Abdullatif ndiye aliyevigeuza Kiswahili kwa sauti yake nzito. Alivihifadhi kama wengine wanavyohifadhi maulidi. Aliporejea Ibra baada ya mapinduzi hakuja na kitu ila mkewe, watoto wake wa kiume, na vifungu hivyo kichwani.

Oman ilikuwa na sheria zake, na baadaye ikatunga mpya, za kueleweka. Nyumba ile haikuzijali. Kila biharusi aliyeingia, kabla ya kufukizwa udi, alisimamishwa kizingitini na Abdullatif akamsomea kifungu cha mume na mke, vile vile alivyokisoma mahakamani. Kwa nini kifungu kilishika katika nyumba hiyo na si katika nyengine, hakuna aliyeuliza. Nyumba nyengine zina mchwa.

Abdullatif alipofariki, kazi ya kusoma ilichukuliwa na Bi Mahfoudha, mamake Khattab, ambaye alifunzwa kifungu na mumewe Yazeed, akaruhusiwa kukisoma, kabla naye hajafariki. Ndiye aliyemsomea Buthaina. Buthaina anakumbuka kuwa hina ilikuwa haijakauka na kwamba alikuwa na njaa.

Ijumaa moja ya mwezi wa pili, Khattab na Buthaina walikwenda Wadi Bani Khalid na mtoto wao Wasan. Walitandika mkeka kando ya bwawa, Khattab akawasha mkaa, na mkaa ulipokolea ndipo ilipojulikana kuwa mishikaki imesahauliwa kwenye friji nyumbani. Watalii walikuwa wakiogelea. Wao walikula mkate na chipsi za pakti. Njiani kurudi, Wasan amelala kiti cha nyuma, Khattab akatamka talaka.

Ilikuwa ya tatu. Ya kwanza aliitoa kwa sababu ya wageni waliokaa sana, na ya pili kwa sababu ambayo wote wawili walikuwa wameshaisahau. Mara zote mbili alimrejea mkewe eda haijesha, mambo yakaishia chumbani, hakuna aliyejua. Lakini baada ya tatu hakuna kurejea. Mke huwa haramu kwa mumewe mpaka aolewe na mwanamume mwengine kwa ndoa ya kweli, na aachike huko. Khattab alilijua hilo kama anavyolijua kila mtu. Aliendesha mpaka Ibra, akamteremsha mtoto kwa upole, akamfunika blanketi.

Siku za mwanzo alilala majlisi, chumba cha wageni. Kisha akarudi chumbani, akasema godoro la majlisi linamuumiza mgongo, na kwamba yeye hakusema kitu.

"Umesema," alijibu Buthaina.

"Nani kasikia?"

Hakuwa mtu mbaya kwa jinsi watu wanavyopimana. Aliwapeleka wazee wa mtaa hospitali, na kila Alhamisi alimwoshea mkewe gari. Aliogopa aibu, na alimpenda Buthaina kama mtu anavyopenda kitu alichozoea kukikuta pahala pake. Buthaina alichukua mto wake akaenda kulala na mtoto. Alitaka jambo moja tu: kadhi alisikie neno lililosemwa ndani ya gari, liandikwe, naye awe mwanamke aliyeachwa. Kulala na mwanamume aliyekwisha kumwacha ni zinaa, na Buthaina alimwogopa Mungu kweli, si kwa maneno. Kujiondokea kwenda Sur kwa mamake kusingemfaa. Kwa watu angekuwa mke aliyemtoroka mumewe, hawezi kuolewa, na Wasan angebaki Ibra.

Tangu Jumapili iliyofuata safari ile Khattab alianza kuipunguza ruhusa yake. Buthaina aliposimama mlangoni na kuuliza, alijibiwa, "Ya kwenda, ruhusa."

Mwisho wa wiki alikuja Lamees, mdogo wake Buthaina, anayesoma sheria chuoni Nizwa.

"Shikamoo, dada. Mbona mto wako uko kwa Wasan?"

Buthaina akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Lamees hakushangaa, maana aliifahamu nyumba ya shemeji yake. Alikaa kitandani, akavua viatu, akaanza kukisia.

"Kakupiga?"

"Hapana," alisema Buthaina, na hapana hiyo ilitoka vizuri kabisa.

"Anaoa mwengine?"

"Hapana."

"Kakuacha?"

Kimya. Shingo ya Buthaina ilikaza mpaka ikamuuma.

"Khalas, nimefahamu," alisema Lamees. "Lakini mimi kufahamu sio ushahidi. Yaani nimekisia tu. Nenda mahkama, dada. Labda kule itatoka."

Buthaina alifungua kesi, pahala pa kuandika sababu pakabaki patupu. Siku ya kesi walikwenda kwa gari moja, kwa kuwa la Buthaina lilikuwa gereji. Mlangoni Buthaina aliuliza, "Ruhusa?"

"Ya kwenda, ruhusa."

"Na ya kusema?"

Khattab akaanza kutafuta miwani yake, iliyokuwa juu ya meza mbele yake, na aliendelea kuitafuta mpaka wakachelewa.

Kadhi alikuwa mtu mstahamilivu. Alimpa Buthaina maji, akamuuliza kwa Kiarabu, polepole, mumewe amemwambia nini. Buthaina alisema kwamba ndani ya gari, wakitoka Wadi Bani Khalid, mtoto amelala, mumewe alimwambia. Na hapo sauti ikakatika, mdomo ukaendelea. Karani alisimamisha vidole juu ya kibodi. Kadhi aliutazama mdomo ule bila ya haraka, kwani kila wiki alipata wanawake wanaoshindwa kusema kwa haya. Alimtaka arudie, akarudia, ikawa vile vile. Alimgeukia Khattab. Khattab akasema hana alilosema.

"Mwanangu," kadhi alimwambia Buthaina, "ningelisikia dai lako ningelimwapisha. Sina ninachoweza kumwapisha nacho."

Aliwaombea dua ya mapatano. Karani aliandika kuwa mlalamikaji amenyamaza, na ilikuwa kweli. Njiani kurudi Khattab alisimamisha gari akamnunulia juisi ya embe, na Buthaina aliishika mkononi mpaka nyumbani, akaimwaga kwenye mti wa ndimu. Alikuwa na hasira ya kumtosha mtu mwenye sauti.

Ijumaa ya baadaye Lamees alirudi kutoka Nizwa, hakuvua hata baibui, akapita moja kwa moja jikoni. Bi Mahfoudha alikuwa anakata vitunguu vya pilau, Buthaina anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Mama, naomba unisomee kile kifungu."

Bi Mahfoudha hakuuliza kwa nini. Alinyoosha mgongo na kusoma, kisu mkononi, kwa mwendo ule ule wa mkwewe marehemu. Mtu aliyeoa au kuolewa hatalazimishwa kulifichua neno aliloambiwa na mwenziwe ndani ya ndoa. Wala hataruhusiwa kulifichua, ila mwenziwe akiridhia.

"Halafu?" aliuliza Lamees.

"Nakisoma nnavyokisoma," alisema Bi Mahfoudha, akachukua kitunguu chengine.

"Hakijesha, mama. Mimi nimetafuta ile sheria yenyewe, ya Hindi, ya zamani. Iko na maneno mengine mbele." Lamees alitoa simu, akafasiri kwa taabu, akichanganya na Kiarabu. "Isipokuwa katika kesi baina ya mume na mke wenyewe."

Buthaina aliweka ungo chini. Kwa hivyo sheria ya kule ilikotoka ilikuwa na mlango. Mwingereza, aliyewaandikia Wahindi, alikumbuka kuwa kuna siku mke atasimama mbele ya hakimu na mumewe upande wa pili, akamwachia upenyo. Abdullatif aliukata. Huenda hakimu wake alikuwa na tabia ya kuinua mkono kabla kifungu hakijesha. Huenda pumzi zilimwishia hapo. Huenda ni kwa kuwa alikuwa na watoto wa kiume watupu. Nyumba ilifuata ilichosomewa, na yaliyoandikwa Bara Hindi hayakuihusu.

"Basi dada asomewe tena," alisema Lamees. "Chote, mpaka mwisho. Kizingitini."

Lamees alijaribu kwanza mwenyewe. Alimsimamisha dadake kwenye mlango wa ua, akakisoma kifungu kizima, kisha akamwambia aseme. Buthaina akafungua mdomo, na sauti haikuja. Lamees hakuwa wa nyumba ile. Kusoma kwake kulikuwa sawa na kusomea barabara.

Bi Mahfoudha aliosha mikono kwa sabuni, harufu ya kitunguu isimfuate, akajitanda mtandio, akaja kusimama mbele ya Buthaina. Pilau ilikuwa jikoni na moto umepunguzwa. Alimshika mkwewe mabega, kama alivyomshika siku ya harusi, akaanza. Hatalazimishwa. Hataruhusiwa. Ila mwenziwe akiridhia. Hapo pa kusimamia siku zote hakusimama. Alivuta pumzi na kuendelea.

Midomo yake ilikwenda mpaka mwisho wa maneno, ikafunga. Haikusikika hata herufi.

"Umeisahau, mama?" aliuliza Lamees. "Nikusomee tena?"

"Sikusahau."

Lamees alirudi kwenye simu yake kutafuta kosa. Buthaina hakuwa na haja ya simu. Katika nyumba ile mwanamke hushindwa kutamka neno la aina moja tu: aliloambiwa na mumewe. Bi Mahfoudha basi hakuyasikia maneno yale mara ya kwanza leo jikoni. Aliambiwa na Yazeed, ndani ya ndoa yao, naye Yazeed akafa bila ya kumpa ruhusa. Na mume hamfafanulii mkewe habari za kesi za mume na mke wakiwa wanakula tende. Humfafanulia siku mke aliyosema atakwenda kushitaki, na humfafanulia akicheka, akijua kuwa hana pa kuyapeleka.

Kwanza Buthaina alikasirika, kwamba mwanamke huyu aliyajua yote na bado alimsomea, hina haijakauka. Kisha alimhurumia. Hasira haikuondoka huruma ilipokuja. Vyote viwili vilikaa.

"Mama," alisema. "Na wewe?"

Bi Mahfoudha alifungua mdomo. Midomo ilitamka jambo fupi, na Buthaina aliijua sura ya jambo hilo, kwa kuwa alilitazama likitamkwa ndani ya gari, upande wa usukani.

"Pilau itashika chini," alisema Bi Mahfoudha, akarudi jikoni.

Walikula wote sinia moja. Khattab aliisifu pilau, akamuuliza Lamees habari za masomo, akamwekea Wasan nyama laini. Alipokwisha kunawa alisema, mbele ya wote na kwa sauti ya mtu anayepanga safari, kwamba kuanzia leo mtoto alale kwa bibi yake, amekua, na Buthaina arudi chumbani kwake. Lamees alimtazama dadake. Alikuwa na mtihani Jumapili, na gari ya kumrudisha Nizwa ilikuwa imeshapiga honi nje.

Alasiri, nyumba ikiwa imelala, Buthaina alimbeba Wasan, akachukua mto wake na wa mtoto, akapita uani akaingia chumbani kwa Bi Mahfoudha. Mama mkwe alikuwa macho. Alisogea, akalipiga godoro mkono.

"Mlaze mtoto kati. Weye pita ukutani."

Buthaina alipita ukutani. Kitanda kilikuwa kipana, cha mtu mmoja aliyezoea kulala ukingoni. Feni ilikuwa ikizunguka, mtoto akinyonya kidole.

"Umo humu siku nyingi, mama."

"Nilihamia chumba hiki miaka miwili kabla ya kumzaa Khattab."

Buthaina aliipiga hesabu hiyo: chumba kwanza, mtoto baadaye. Bi Mahfoudha alikuwa anatazama dari. Nje, uani, zilisikika ndara za Khattab zikija, zikasimama, zikaenda jikoni kutafuta maji.

"Mlango una komeo," alisema Buthaina.

"Lipo," alisema Bi Mahfoudha. "Hilo nililitia baadaye."