Kigoda cha Kuungamia

Nilipoitwa ofisini Jumatatu asubuhi, nilijua si kwa ajili ya chai. Sista Mkuu, anayeongoza shule yetu ya msingi ya parokia, ni mfupi wa kimo na mrefu wa sauti. Akisimama katikati ya Darasa la Sita, unamtafuta. Akianza kusema, unautafuta mlango.

"Mwalimu wa Rangi," alisema, maana hapo shuleni hilo ndilo jina langu, kuanzia kwa wanafunzi hadi kwa mlinzi. "Kipindi chako cha Sanaa na Ubunifu kimezaa nini mwaka huu?"

Nikahesabu kimoyomoyo. Kofia thelathini na nane za karatasi, zote zilinyeshewa na mvua. Twiga mmoja wa udongo, ambaye kila mgeni humsifu kwamba ni birika zuri.

"Sista, sanaa hailimwi kama mahindi..."

"Mahindi angalau yanaliwa. Mwalimu wa Hesabu anakiomba hicho kipindi."

Mwalimu wa Hesabu, tunayemwita Kipeo, alikuwa amesimama nyuma yangu na kijitabu chake, anatabasamu kama mtu aliyekwisha kupima mlango wa nyumba ya jirani.

Mimi kabla ya ualimu nilichora mabango ya maduka kwa miaka kumi na mmoja. Niliwahi kuandika "Karibu Tena" kwenye ukuta wa duka la majeneza, na mwenye duka akanilipa kwa kiatu. Mtu aliyepitia hayo hatishiki kirahisi. Lakini kipindi kile cha Jumatano kilikuwa dakika arobaini pekee katika juma zima ambazo Darasa la Nne hawakuulizwa jibu lililo nyuma ya kitabu. Kikienda, kimekwenda, na mimi ningepelekwa kufundisha mwandiko kwa Darasa la Kwanza, kuchora herufi "a" mpaka nipate kibyongo.

"Nipe kitu kimoja," Sista akasema. "Jumatano ya wiki ijayo. Kitu chenye kazi. Sitaki cha kutundika ukutani."

Jumatano ya juma lile lile niliingia darasani na kuandika ubaoni: tafuta mwenye shida, muulize, pima, tengeneza, jaribu.

"Haya, watoto wangu. Nani ana shida?"

Mikono thelathini na minane ikapanda. Nusu yao walitaka kwenda chooni. Msichana mmoja wa dawati la mbele, tunayemwita Wakili kwa sababu hata akichelewa ana vielelezo, alisimama.

"Mwalimu, sisi sote tuna shida. Jumamosi ya wiki ijayo tunaungama mara ya kwanza. Na kile kibanda hakitutoshi."

"Hakiwatoshi vipi?"

"Kirefu. Ukipiga magoti, kidirisha cha wavu kiko juu huko, mdomo wako uko kwenye mbao. Padre hasikii. Anakwambia, ongeza sauti. Unaongeza. Foleni yote inasikia dhambi zako."

"Ndivyo alivyofanywa kaka yangu!" akadakia mvulana wa nyuma, Spika, ambaye akinong'ona madirisha hutetemeka. "Mwaka jana alisema ameiba sukari, na mama alikuwa kwenye foleni. Mpaka leo anaitwa Bwana Sukari."

"Kwa hiyo," Wakili akaendelea, "tumeshakubaliana. Wote tutataja dhambi moja tu: nilipiga kelele darasani."

"Wote thelathini na wanane?"

"Ndiyo, Mwalimu. Tukaona haina aibu."

Niliketi. Watoto thelathini na wanane walikuwa tayari kumdanganya Padre ndani ya maungamo, kwa sababu ya mbao. Nikaona Mungu amenitumia kazi yenye vipimo.

Tukaenda kanisani, ng'ambo ya uwanja. Padre, mzee mpole mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alikubali kuhojiwa. Wakili akashika daftari.

"Padre, watoto wakiungama, unawasikia?"

"Siwezi kusema, mwanangu."

"Wakiongea taratibu, unawaambia warudie?"

"Hilo nalo siwezi kusema. Yanayotokea mle ndani yanabaki mle ndani."

"Je, kibanda ni kirefu?"

Padre akafikiri. "Siwezi kusema. Lakini hakuna amri inayokataza mtu kupima."

Tukapima. Tulipima magoti hadi mdomo kwa watoto wote, mmoja mmoja, kwa tepu ya fundi cherehani. Tulipima sakafu hadi wavu. Tulipima hata pua ya Spika, kwa sababu alisisitiza. Jibu likaja: kwa wastani wanapungukiwa sentimita ishirini na mbili. Kipeo alipita, akaona hesabu zetu ubaoni, akatafuta kosa kwa dakika tano nzima, akaondoka na uso wa mtu aliyenyimwa haki yake.

Kila jioni baada ya masomo tulitengeneza kigoda. Mbao hatukuwa nazo, tulikuwa na maboksi ya sabuni. Tulikata vipande, tukavipachika vikakatizana kama vyumba vya nyuki, tukagandisha tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano. Kikakauka. Juu tukabandika kipande cha godoro kuukuu, tukakifunika kwa kitambaa cha zambarau. Jioni moja mchwa walikitembelea, tukawatimua kwa ufagio. Kilitoka kigoda ambacho hata mimi, niliyekula kiatu kwa ajili ya sanaa, nilikiona kina heshima.

Jumatano ya hukumu ikafika. Darasa zima lilijipanga kanisani. Sista Mkuu alikuja na saa yake, Kipeo akaja na rula na boksi la chaki, maana kipindi kilichofuata kilikuwa chake. Mpishi wa shule naye akaja bila kuitwa, mikono ina unga, kwa kuwa alikuwa amesikia kuna kitu kitavunjika.

"Boksi la sabuni?" Sista akauliza.

"Sista, lijaribu kwanza, kisha ulicheke," nikamwambia.

Wakili akapanda, kikatulia. Wakapanda wawili, kikatulia. Mpishi, ambaye akikaa kwenye benchi waliokaa upande wa pili huinuka wenyewe, akajifuta mikono.

"Kikivunjika mtaninunulia magoti mengine?"

"Shangazi, panda tu!" wakapiga kelele watoto.

Akapiga magoti. Kigoda kikalia "nyiii" mara moja, kisha kikatulia kama kondoo. Makofi! Kipeo akachutama na rula yake, akathibitisha kwamba kimebonyea milimita tatu. Alitamka "tatu" kama daktari anayetoa habari mbaya.

"Kubeba kinabeba," Sista akasema. "Kusaidia je? Nitakijaribu mwenyewe. Mimi na Darasa la Nne urefu wetu si mbalimbali."

Akakibeba kigoda mwenyewe, akaingia upande wa waungamaji, akafunga mlango. Tukasikia anapiga magoti. Nikaona kipindi changu kinarudi nyumbani.

Kitu ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba Padre alikuwa ndani. Adhuhuri zenye joto hupenda kukaa upande wake wa kibanda, kwenye ubaridi, na kitabu chake cha sala, na mara nyingine kitabu hicho humsomea yeye. Aliposikia magoti, akaamka, akafungua kidirisha.

"Karibu, mwanangu."

Hapo Sista angeweza kusema: Padre, samahani, tunajaribu kigoda. Lakini yeye ni mtawa wa miaka thelathini. Kidirisha kikifunguka, mkono wake unafanya ishara ya msalaba wenyewe. Na pengine alikuwa na lake moyoni.

"Nibariki Padre, kwa kuwa nimekosa," tukasikia. Sauti ya chini kabisa. Mdomo ulikuwa mkabala na wavu, kama tulivyopima. Wakili alinikonyeza.

"Ongeza sauti kidogo, mwanangu," Padre akasema.

Sista akaongeza.

"Sijakupata. Tena."

Nikasema, "Watoto, tutoke," lakini nani ana mbio za kumshinda Sista akiwa na sauti ya paredi? Ya tatu ilitoka ikagonga dari, ikarudi, ikatukuta sote katikati ya kanisa, tumeinua mguu mmoja mmoja.

Alichosema sitakisema. Usinibembeleze. Nitakwambia tu kwamba Kipeo aliangusha boksi la chaki, na mpishi akashika kiuno na kusema, "Kumbe!" Basi, hapo hapo ndipo ninapoishia.

"Mwalimu," Wakili akaninong'oneza, rangi imemtoka, "kwenye katekisimu tumefundishwa. Aliyesikia kwa bahati mbaya naye anatunza siri kama padre."

"Ndivyo."

"Maisha yote?"

"Maisha yote."

Spika alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Kwa mtoto yule, ule ulikuwa msalaba wa kweli.

Mlango ukafunguka. Sista akatoka, ametulia, uso umetakata. Kisha akatuona. Akamtazama mpishi, akatazama chaki sakafuni, akanitazama mimi. Masikio yake yakawa ya zambarau kuliko kigoda.

"Mmesikia?"

Mpishi aligeuka kuusifu mshumaa.

"Sista," Wakili akasema, akisimama wima, "hatuwezi kusema."

Nilifumba macho. Nikajiona tayari na Darasa la Kwanza, nachora "a".

"Mwalimu wa Rangi. Kigoda chenu kimefikisha mdomo wangu penye wavu kabisa. Sasa mbona nimelazimika kupiga kelele?"

Wakili ndiye aliyefungua daftari, akapitia kurasa, akaufunika uso nalo.

"Sista, tumekosea. Tulipima upande wetu tu. Upande wa Padre hatukupima. Hatujui sikio lake liko wapi, wala ni sikio lipi lililo zima."

"Na upande huo nani ataupima?"

"Sisi, Sista," nikasema. "Tungekuwa na muda. Kipindi changu kimekwisha dakika mbili zilizopita."

Sista alitazama saa. Akatazama kibanda. Akamtazama mpishi, ambaye bado alikuwa anasifu mshumaa kwa mabega yanayotikisika.

"Chukueni na cha Hesabu."

"Sista!" Kipeo akaruka. "Leo?"

"Leo. Na Jumatano zote mpaka nitakapoungama bila kusikika hapo uwanjani. Jumamosi watoto hawa wanaingia humo, hawataaibika mbele ya mama zao. Na wewe usisimame hapo kama nguzo, una rula, ingia ukasaidie."

Kipeo akaokota chaki zake, akaingia upande wa Padre kwa shingo upande. Akapiga magoti kando ya kiti, akanyoosha rula toka kwenye wavu hadi sikio la mzee, akasoma kwa heshima zote:

"Sentimita sitini na nne."

"Nini?" akauliza Padre.