Mgonjwa wa Sebuleni

Watu wengi wakipewa jina la utani hununa kwanza, ndipo hulizoea. Mama Mbona hakununa hata siku moja. Alikiri mwenyewe kwamba neno hilo halikauki mdomoni mwake. Mbona lifti ya jengo hili inanuka rangi mwaka mzima? Mbona jirani wa ghorofa ya pili anafua kila siku na nguo zake ni zilezile? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, alikuwa akisema, na yeye alikusudia kufa akiwa bado anajifunza.

Siku hizi lakini swali lililomnyima raha lilikuwa la mkwewe. Mke wa mwanawe wa pekee alikuwa daktari bingwa wa moyo huko walikotoka, tena si bingwa wa kujisifu; watu walisafiri kutwa nzima ili awasikilize kifua. Katika nchi hii mpya, Baraza la Madaktari lilivigeuza vyeti vyake mbele na nyuma likavikubali, likampa alama za juu katika mtihani wa maandishi, kisha likamwangusha mara mbili katika mtihani wa vitendo. Bingwa mzima! Sasa alikuwa akiogesha wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na sheria ilimruhusu kujaribu mara moja tu iliyobaki. Akianguka tena, basi, udaktari huku ausahau.

"Jogoo wa shamba hawiki mjini, mama," mkwe alisema, akicheka kwa meno tu.

"Mbona wagonjwa wa kule walikusifu, wa huku wanakuangusha?"

"Hawa si wagonjwa. Ni watu wanaolipwa wajifanye wagonjwa. Unaingia chumbani unamkuta mtu na afya yake ameshika kifua, anaguna. Mtahini yuko kwenye kona na kalamu yake. Kengele ikilia unatoka, unaingia chumba cha pili, unamkuta mwingine anaguna."

Mama Mbona akaweka kikombe chini. Watu wanalipwa kuugua! Tangu azaliwe hakuwahi kusikia kazi tamu namna hiyo.

"Basi mgonjwa wako wa mazoezi ni mimi," alisema. "Nitaugua bure."

Tusimpambe sana, lakini. Alikuwa na lake moyoni. Mkwe akifaulu angepewa leseni yenye masharti: miaka miwili chini ya usimamizi, katika hospitali ya wilaya ya mbali ambako mabingwa wenyeji hawataki kwenda. Mume angemfuata mkewe, na ndivyo inavyopaswa. Nyumba ambayo hospitali ingewapa ilikuwa chumba kimoja na jiko. Hilo Mama Mbona alilisikia wakinong'onezana, wakidhani amesinzia. Yeye angebaki na nani katika jiji hili? Mwanamke aliyewahi kumuuliza askari wa barabarani habari za ndoa yake hakuthubutu kuwauliza mwanawe na mkwewe swali hilo moja. Alilimeza, likamkaa kooni.

Mazoezi yalianza, kila jioni baada ya vyombo kuoshwa. Mkwe alitoka hadi kwenye korido, akabisha hodi, akaingia. Mama Mbona aliketi kwenye kigoda kati ya kochi na meza ya kupigia pasi. Mwanawe alikaa pembeni na simu mkononi; yeye ndiye kengele.

Jamani, mama huyo aliugua! Aliugua kama mwalimu mkuu, akaugua kama mjamzito ilhali mvi zimemjaa kichwa kizima. Siku ya dereva wa lori alishika kifua akaeleza jinsi mke wa pili anavyompandisha presha.

"Mama," mkwe alisema, akitazama maelezo ya zoezi, "kwenye karatasi dereva hana mke wa pili."

"Kwenye karatasi hana. Kwenye lori anaye."

Hata mkwe alicheka, na safari hii kwa moyo.

Katika kupima, mkwe alikuwa wa ajabu. Alitupa jicho shingoni, akatazama kucha, akagusa kifundo cha mguu, na alikuwa ameshafika kwenye jibu wakati mgonjwa bado anatafuta pa kuanzia. Maswali nayo aliyauliza yote. Baraza lilikuwa limemwambia kwamba hamshirikishi mgonjwa, kwa hiyo aliyakariri, na kila mara aliuliza kwa sauti nzuri kabisa: "Una wasiwasi gani kuhusu hali yako?" Sasa anaanguka wapi? Mama Mbona alimchunguza jioni baada ya jioni, akasahau hata kuguna.

Akaja kuona. Mkwe akishauliza swali hilo, mkono unainua stetoskopu, na kabla mgonjwa hajafungua mdomo, zile ncha mbili zimeshaingia masikioni. Anauliza, kisha anaziba masikio.

Kesho yake alimjaribu. Swali lilipokuja, na ncha zilipoingia, Mama Mbona akajibu taratibu, "Nimemeza kijiko."

"Vizuri," alisema daktari bingwa. "Vuta pumzi."

Mwanawe aliinamia simu yake, hakusikia chochote. Mama Mbona alibana kicheko, kisha kicheko chenyewe kikamwishia kifuani. Alitambua ameshika kitu gani. Akisema, mkwe atafaulu na watakwenda zao. Akinyamaza, hakuna atakayekwenda popote, na hakuna mahakama inayomhukumu mtu kwa kunyamaza. Jioni ile alinyamaza. Ya pili yake akajisingizia kichwa kinauma, akalala mapema, na aliona aibu kitandani peke yake.

Siku iliyofuata mkwe alirudi kutoka kazini akaketi na koti mwilini.

"Kuna mzee alishika kifua leo bafuni," alisema. "Kifua cha kweli. Nilijua ni nini kabla hajakaa chini. Lakini pale mimi ni mwogeshaji, siruhusiwi zaidi ya kupiga simu na kungoja. Nikasimama na taulo, mama. Nimesimama na taulo!"

"Amepona?"

"Wamemchukua. Sijui."

Mama Mbona alimtengenezea chai asiyoinywa. Baada ya muda akauliza, "Kule kwetu mlikuwa mnaona wagonjwa wangapi?"

"Korido nzima, na wengine nje. Ningemsikiliza kila mmoja anaogopa nini, wa mwisho angefia kwenye benchi. Moyo hausemi uongo, wala haurefushi hadithi. Niliusikiliza huo."

Kumbe. Haikuwa kiburi, wala haikuwa ujinga. Lilikuwa ni benchi lile. Mama Mbona akapiga moyo konde, akavuta kigoda chake.

"Vua koti. Toka nje, ubishe hodi."

"Leo mgonjwa ni nani?"

"Utamjua."

Mkwe aliingia, akasalimia, akatazama shingo na kucha. Uso wake ukaonyesha kutatizika, maana hakuona ugonjwa. "Una wasiwasi gani kuhusu hali yako?" aliuliza, na mkono ukapanda. Mama Mbona akaudaka mpira wa stetoskopu hewani.

"Usizibe masikio. Hujanisikia bado."

"Mama, mgonjwa hatakiwi kumshika dak—" mwanawe alianza.

"Nyamaza, wewe ni kengele." Kisha akamgeukia mkwe. "Naogopa utafaulu."

Stetoskopu ilining'inia kati yao. Mkwe, ambaye siku zote aliwapima wagonjwa akiwa amesimama, aliketi sakafuni. Hakusema pole. Alisema, "Nieleze."

Akaelezwa. Chumba kimoja na jiko, minong'ono, jiji hili, na mwanamke mzima anayeogopa kuuliza asije akajibiwa. Simu ililia katikati. Mkwe alinyoosha mkono akaizima bila kumtazama mumewe, ambaye machozi yalikuwa yakimtoka wazi.

"Hatujui la kufanya, mama," mkwe alisema mwishowe. "Tulinong'ona kwa sababu hatujui. Wewe ungependa iweje?"

"Ningependa msiende." Mama Mbona alijifuta pua kwa upande wa kanga. "Na ningependa usisimame tena na taulo. Haya mawili hayakai pamoja, mwanangu, nimeyajaribu. Kwa hiyo faulu. Kwenye vyumba vile uulize hivihivi, na masikio yakiwa wazi."

"Na wewe?"

"Mimi naogopa bado. Umeniuliza tu, hujaniponya."

Mkwe hakuinuka. Alibaki pale sakafuni, stetoskopu imelala mapajani, akingoja kusikia kilichobaki.