Pengo la Zaniboni

Yule mwanamke alikuja wakati theluji inaanza kuyeyuka. Alifungua nyumba ya Zaniboni, iliyokuwa imefungwa tangu babu yangu akiwa kijana, na kabla wiki haijaisha alikuwa ameshamsalimia kila mtu hapa Ronchiera, hata wale wasiosalimiwa na ndugu zao. Mtu anayesalimia hivyo ana jambo lake. Mimi niliitikia, kwa sababu sikulelewa porini, kisha nikasimama nyuma ya pazia kumwangalia akipanda vitunguu. Alipanda vizuri. Hilo nalo sikulipenda.

Jina lake Odile Zaniboni. Amezaliwa Ufaransa na Kiitalia chake kinapitia puani, lakini ukoo ni ule ule, na hapa kwetu ukoo huo hautajwi bila mtu kugeuka kutazama daraja.

Daraja lenyewe ni magogo mawili marefu yaliyolazwa juu ya mto Sorba, kando ya daraja la zege tunalopita na magari. Mwaka mzima magogo yako matupu. Ikifika Jumapili ya kwanza ya Agosti, kila nyumba ya zamani hutoa ubao wake, mbao zikalazwa kwa mpangilio wake, tukavuka kutoka ng'ambo kuja kijijini, tukala ugali wa mahindi na soseji, tukaimba, wanaume wakalewa, na jioni kila mtu akarudi kwake na ubao begani. Mbao ni kumi na mbili. Tunalaza kumi na moja.

Asili yake ni Agosti ya mwaka 1922. Mashati Meusi, wanamgambo wa Kifashisti, walipanda na malori kutoka mjini, wanakuja kuchoma duka letu la ushirika na kuwatia adabu wakulima waliojiona wana haki ya kusema. Alfajiri ile babu zetu waling'oa mbao za daraja, kila nyumba ikabeba ubao mmoja ikauficha. Malori yalipofika yalikuta magogo mawili na maji chini. Waliothubutu kutembea juu ya magogo walipigwa mawe na wanawake mpaka wakarudi nyuma. Wakafyatua risasi, wakatukana, wakaondoka. Duka halikuchomwa.

Lakini kabla ya majani kupukutika walirudi kwa njia ya mlimani, kwa miguu, wakaingia nyumba hadi nyumba wakidai mbao. Walipiga watu virungu, wakawanywesha mafuta ya mbarika mpaka wakajichafua mbele ya wake zao. Kila nyumba ilisema haijui ubao wowote. Babu yangu, Amerigo Bertacchi, walimvunja mkono watoto wake wakitazama. Kisha waliondoka, na waliochungulia kwenye nyufa za madirisha waliona wanashuka na ubao mmoja. Waliutundika ukutani kwenye ofisi yao mjini, ukakaa pale mpaka vita vilipoiangusha ofisi na ukuta wake.

Siku ile nyumba moja tu haikuguswa: ya Zaniboni, ya mwisho barabarani, inayotazamana na yetu. Hawakupigwa hata kofi. Watu wakajumlisha wenyewe. Mwaka haukwisha, Zaniboni akafunga virago na mke na watoto akaenda Ufaransa, na kwa watu wa Ronchiera kuondoka ni sawa na kukiri.

Vita vilipokwisha mbao zilitolewa mafichoni, nyingine darini, nyingine chini ya zizi la nguruwe, zikalazwa tena. Nafasi ya kumi na moja ikabaki wazi. Ndilo pengo la Zaniboni, na watoto wetu hujua kuliruka kabla ya kujua kusoma. Baada ya pengo kuna ubao mmoja tu, wa mwisho, upande wa kijijini. Huo ni wetu.

Ubao wetu una vituko vyake. Unacheza. Ukiukanyaga unagonga gogo, ko, na watu hucheka na kuuita Msemaji. Baba yangu alikuwa akiupachikia kipande cha katoni chini. Babu yeye hakuwahi kuukanyaga. Alikuwa na miguu mirefu. Akifika kwenye pengo ananishika mkono, anaruka pengo na ubao kwa hatua moja, mimi nikining'inia hewani, na watu wanapiga makofi. Aliniambia tusimwamshe Msemaji. Nilidhani dunia nzima haina babu mwenye mbwembwe kama wangu.

Kwa ajili ya ule mkono uliovunjwa, Bertacchi ndio wanaotangulia kuvuka. Alitangulia babu, akaja baba, sasa natangulia mimi. Nina nyumba, nina kuku, nina goti bovu, na nina hiyo Jumapili moja ninapotangulia watu wote. Nikinyang'anywa hiyo, mimi ni bibi kizee mwenye kuku tu.

Basi mwanzoni mwa kiangazi Ivo akatuita baa. Ivo ndiye mwenyekiti wa kamati, alikuwa mchinjaji kabla hajastaafu, na bado anazungumza na watu polepole kana kwamba anawatuliza kabla ya kisu. Akasema Bibi Odile ana ubao. Odile akaeleza: babu yake aliusafirisha kwa treni, umefungwa ndani ya godoro, na kule Ufaransa ukawa ubao wa kitanda. Baba yake alizaliwa juu yake. Sasa anaomba ulazwe mahali pake.

Niliwaona watu wanaanza kulegea, kwa sababu watu wetu wakisikia habari za kitanda na mtoto machozi huwatoka. Mimi sikulegea. Nilikuwa nimemwona mwanamke huyu magogoni, amepiga magoti, ana futi ya fundi mkononi, anapima. Nikalisema hilo mbele yake.

"Ni kweli nilipima," akasema. "Nilitaka kujua kama utaenea kabla sijawasumbua."

"Na fundi wa mjini anayekuchongea huo ubao naye alitaka kujua," nikamwambia.

Argia, jirani yangu tangu utotoni, mwenye ulimi ambao hata mumewe aliuogopa mpaka akafa, akaniuliza kama siku hizi nanusa mbao. Watu wakacheka. Nikasema wacheke, lakini waangalie wanachokifanya. Wakiujaza mwanya ule kwa ubao wa kuchongesha, wamemwambia Amerigo Bertacchi kwamba mkono wake ulivunjwa bure, kwamba aliyetoa na aliyekataa ni mamoja. Hapo kicheko kikakatika.

Ivo alitaka kamati iuangalie ubao kwanza, kimya kimya, nyumbani kwa Odile. Nikakataa. Mambo ya kimya kimya ndiyo yanayozaa maneno. Nikasema uletwe siku yenyewe, ulazwe mbele ya watu wote, mchana kweupe, na aliyeudanganya umma aonekane.

Odile akanigeukia. "Una uhakika, dada Nives? Mbele ya watu wote?"

Nikasema nina uhakika. Moyoni nikafurahi, nikajua ameingiwa na hofu.

Siku zilizofuata sikumwacha. Akienda dukani nami nina haja ya chumvi. Akipokea mgeni nami nafagia barabara. Sikuona fundi, sikuona gari la mbao, sikusikia msumeno. Hiyo ilinitia wasiwasi zaidi, kwa maana mjinga huacha alama, mjanja haachi.

Agosti ikafika. Ilikuwa ni kumbukumbu ya miaka mia, wakaja mpaka wajukuu waliohamia mjini wasiojua kushika jembe. Tulianzia upande wa ng'ambo. Ivo aliita majina, nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba ikalaza ubao wake. Juu ya mbao zote kuna mifereji miwili, ya kushoto na ya kulia, iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni ya zamani. Mifereji hiyo huungana ubao kwa ubao mpaka wa kumi, ambao ni wa Argia. Hapo mfereji wa kushoto unaanza kupinda, kisha linakuja pengo.

Ivo akaita, "Zaniboni." Jina hilo halikuwahi kuitwa pale.

Odile alikuwa ameufunika ubao wake kwa blanketi la kijivu. Aliufunua, wanaume wawili wakamsaidia, wakaulaza. Nilikuwa nimesogea mpaka mbele nione. Ulikuwa mweusi wa uzee, una mifereji miwili, na ule wa kushoto ulianzia pale hasa ulipoishia wa Argia, ukaendelea kupinda kama barabara inayoifuata kona yake.

Nilitafuta la kusema. Nilitaka kusema amechonga kwa patasi. Lakini ubao wa Argia unakaa nyuma ya mlango wa jikoni kwa Argia, na Odile hajawahi kukanyaga jikoni kwa Argia, hilo nalijua mimi kuliko mtu yeyote, mimi niliyekuwa nafagia barabara. Na patasi haing'arishi mti ndani ya mfereji namna ile. Argia aliinama akapitisha kidole kutoka ubao wake hadi wa Odile. Hakusema kitu, na Argia kutosema kitu ni tangazo.

Kisha macho ya watu yakasogea mbele kidogo, kufuata mifereji inakoelekea. Mifereji ya Zaniboni ilifika ukingoni mwa ubao wake, mirefu, imeshuka ndani, na pale ilipotakiwa kuendelea palikuwa na Msemaji, keshalazwa na mpwa wangu tangu asubuhi, maana wetu hulazwa mapema kutokea upande wa kijijini. Msemaji ni laini kama meza. Hana hata mkwaruzo wa gurudumu.

Miaka yote pengo lilikuwa limemficha. Hakukuwa na cha kumlinganisha naye.

"Mbao husinyaa, Nives," Ivo akasema, kwa ile sauti yake ya machinjioni. "Jua, mvua, miaka. Zingine hulainika zenyewe."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Watu wakaanza kutazama mto, na mtu mmoja akasema soseji zitaungua. Walikuwa wananipa njia. Ningetoa mguu tu, ningetangulia kama kawaida, na hakuna mtu Ronchiera ambaye angelitamka mpaka nife. Wangelitamka baada ya hapo.

Odile alitoa kipande cha katoni mfukoni, kimekunjwa tayari. Alipiga magoti kando ya Msemaji ili ampachikie asicheze nitakapopita. Alikuja nacho kutoka nyumbani. Ndipo nikalielewa lile swali lake la baa, kwamba hakuwa na hofu bali alitaka kunisitiri, na nikaona aibu kuliko siku yoyote niliyopata kuishi.

Nikapiga magoti naye, goti likilia. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Babu yako aliona?"

"Nyumba zinatazamana," akasema. "Aliwaona wanatoka kwenu na ubao. Wakageuza, wakaenda zao. Kwetu hawakufika kwa sababu hawakuwa na haja tena."

"Kwa nini hakusema?"

"Angemwambia nani? Babu yako mkono uko kwenye bandeji, yeye hana hata alama. Nani angemwamini?" Akageuza kile kipande cha katoni mkononi. "Mimi sikuja kwa ajili ya babu yako, dada. Nimekuja kwa ajili ya wangu."

Nikamwona babu. Si yule wa mbwembwe. Nikamwona usiku fulani ghalani, mkono umeunga vibaya, anaupiga randa ubao mpya taratibu ili majirani wasisikie. Nikaiona ile miguu mirefu ikiruka kila Agosti, na mimi nikining'inia, na watu wakipiga makofi. Hakuwahi kuukanyaga hata mara moja. Maskini babu yangu. Na maskini yule mwingine, aliyekufa kwenye nchi ya watu juu ya ubao wake wa halali.

Nilimwambia Odile aache katoni. Nikamshika Msemaji kwa mikono miwili nikamnyanyua. Mpwa wangu alitaka kunizuia, nikamtazama akarudi. Ubao ulikuwa mwepesi kuliko nilivyozoea, au hasira ndiyo iliyonipa nguvu, sijui. Nikaulaza ukingoni upande wa kijijini, kwenye nyasi ndefu.

"Bertacchi hatuna ubao," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye masufuria. "Walimvunja babu mkono, akautoa ubao. Zaniboni hakutoa."

Ivo alivua kofia, akaivaa tena. Hatimaye Argia akaniuliza, polepole, Argia ambaye hajui kuuliza polepole: "Sasa shoga, hapo tuweke nini?"

"Msiweke kitu. Watu wameshazoea kuruka."

Nikamwambia Odile atangulie. Alikataa, nikamsukuma mgongoni, akatangulia. Watu wakafuata, nyumba baada ya nyumba, na wote wakapita juu ya ubao wa Zaniboni bila kujua wafanye nini na mguu uliokuwa umezoea kuruka pale. Wengine waliinua unyayo kwa mazoea, wakajikwaa, wakacheka kidogo. Kisha wakaruka pengo letu. Mimi nilikuja wa mwisho kabisa.

Nilipofika ukingoni mwa ubao wa Odile nilisimama. Maji yalikuwa yanapita chini, na kwa goti langu hatua ile ilikuwa ndefu. Odile alikuwa ng'ambo yake, upande wa kijijini, amenyoosha mkono. Niliuangalia kwanza ule mkono vizuri, mbele na nyuma, maana tabia haimtoki mtu kwa siku moja. Kisha nikaushika, kama nilivyokuwa nikiushika wa babu, nikaruka.