Fufu ya Ofosuhene Yapimwa

Mume wangu Ofosuhene ana nadharia yake: fufu, ule ugali wetu wa mihogo ya kutwanga, huongezeka watu wasipoitazama. Ukigeuka kuitazama, inarudi kama ilivyokuwa. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuiona ikiongezeka.

Mwaka juzi na mwaka jana, kwenye maonyesho ya sayansi hapa Mampong, walimpeleka kwenye hema la hadithi, akaketi na watoto wa chekechea. Mwaka huu akaapa: ama apate meza ndani ya ukumbi wa sayansi, ama asikanyage tena pale.

Basi nikatwanga tangu alfajiri, sijatia kitu tumboni, nikabeba bakuli la fufu na mchuzi wake wa mawese nikamfuata hadi mlango wa ukumbi, kwa msimamizi, Mwalimu Agyapomaa.

"Mzee, umekuja tena?"

"Nimekuja, binti yangu. Nipishe."

"Tuipime kwanza kwenye mizani."

"Si utakuwa unaitazama?"

"Tutaifunika."

"Ukifunua tu, inarudi."

Mwalimu akashika kiuno. "Mzee wangu, jambo lisiloweza kukosea hata kidogo si sayansi. Niambie, tukiona nini utakubali umekosea?"

"Mimi sikosei."

"Haya, hema lile pale. Watoto wanakungoja."

Akaanza kugeuka, masikini. Nikamvuta mkono. "Baba Dufie, sema chochote. Mbona nyumbani unakosea kila siku na hufi?"

Akafikiri mpaka jasho likamtoka. "Haya! Ikipungua, nimekosea."

Fufu ikapimwa, tukaligeuzia bakuli mgongo, Mwalimu akahesabu kwa sauti mpaka mia mbili. Mimi nilikuwa karibu nalo. Nilijua fufu ikibaki vilevile, mume wangu atasema imenusa kwamba tunageuka, na atarudishwa hemani. Tena njaa ilikuwa inaniuma. Na fufu haitafunwi. Unamega, unachovya, unameza. Hakuna sikio la kuisikia.

Mia mbili. Tukageuka. Bakuli tupu.

Mwalimu akanitazama kidevuni, penye tone la mawese, akakohoa kwa muda mrefu. "Mzee, imepungua yote. Umekosea kabisa."

"Mmesikia?" Ofosuhene akaruka kama kijana. "Nimekosea! Nimekosea kisayansi!"

Akapewa meza karibu na dirisha, na kibao: *Nadharia iliyopimwa, ikaanguka.* Kutwa nzima alikuwa anakifuta vumbi.

Sasa anataka kuchunguza kwa nini na mchuzi uliisha. Kaniambia kesho nitwange nyingi zaidi. Nimemwambia safari hii atwange yeye.