Washenga Watatu wa Chuo Kimoja

Haya alinisimulia Tusekile Jumapili ya juzi, tukitoka kanisani pale Mlowo. Siku yenyewe alikuwa jikoni kwa kaka yake Nathanaeli, kwa hiyo hakuhadithiwa na mtu.

Fausta, binti wa Nathanaeli, alikuwa amepata mchumba, Deus, mwalimu wa hesabu. Posa ikaletwa na watu watatu, wote waliosoma chuo kikuu kimoja na Deus. Kwao washenga hawali kabla ya jibu. Wakila, binti ameshatolewa. Basi kuku anachemka jikoni, na wageni sebuleni wanameza mate.

"Mlisoma pamoja," alisema Nathanaeli. "Sasa kila mtu anafanya nini?"

"Mimi ni wakala wa forodha Tunduma, mukwai," alijibu Barnaba.

Nathanaeli akamkazia macho. Mukwai ni heshima ya Wabemba wa ng'ambo. Huyu kwao hasa wapi? Na Tunduma anaijua, amevusha mahindi pale miaka. Mtu anafunga tai asubuhi, jioni ameyeyuka na mzigo wako.

Shadrack akasema analima mpunga Kamsamba, na kweli viatu vyake vilikuwa na matope yaliyokauka. Chuo kikuu chote kile, halafu mpunga?

Wa tatu, dada mnene mchangamfu, akasema yeye ni Rozi, mtangazaji wa redio. "Sauti yangu unaifahamu, baba."

"Ya Rozi naifahamu. Yako ndiyo naisikia leo."

Saa nane Nathanaeli akawasha redio makusudi. Ikatoka sauti: "Habari za mchana wapendwa, ni Rozi wenu..."

"Ahaa! Rozi yuko kazini. Wewe ni nani?"

"Jamani baba, kipindi kilirekodiwa juzi!"

"Na posa hii mlirekodi lini?"

Akafanya kama wanavyofanya mpakani dereva na utingo wakitiliwa shaka: akawatenganisha. Rozi akabaki sebuleni, Barnaba akapelekwa kwenye vichanja vya kahawa, Shadrack akawekwa nyuma ya nyumba, karibu na banda la nguruwe. Kila mmoja aliulizwa swali moja: Deus ana ubaya gani?

"Hana," alisema Barnaba.

"Hana hata mmoja," alisema Rozi.

Vinywa viwili, neno moja. Nathanaeli akachungulia jikoni. "Mama Fausta, epua huyo kuku. Hawa hawali hapa. Wananiletea malaika, mimi natafuta mkwe."

"Baba Fausta, mmoja hujamuuliza bado," alisema mkewe Ketrina, na sufuria hakuigusa. Fausta alikuwa ameinamia mchele aliokuwa akichagua, machozi yanadondokea humo humo kwenye ungo.

Nathanaeli akazunguka nyuma ya nyumba. Shadrack alijikuna kisogo mpaka mzee akachoka kungoja.

"Haya, baba. Deus alirudia mwaka. Hesabu zilimwangusha. Siku tulipovaa majoho, yeye ndiye aliyetupiga picha."

Dirisha la sebuleni likafunguliwa. "Shadrack!" Rozi alipiga kelele. "Si tulikubaliana njiani?"

"Tulikubaliana, lakini mzee ananitazama kama nimemwibia nguruwe!"

"Nilijua!" Nathanaeli alipiga makofi, kama mtu aliyemkamata mwizi kwa mkono wake. "Nilijua mna jambo! Fausta! Njoo hapa. Huyo mwalimu wako wa hesabu, ulijua aliangushwa na hizo hizo hesabu?"

Fausta akafuta uso kwa khanga. "Alinieleza zamani, baba, hata uchumba haujaanza. Wanafunzi wake pia huwaambia, wasikate tamaa. Wanaomwonea aibu ni hawa rafiki zake."

Kutwa nzima Nathanaeli alikuwa akiwinda siri, ameipata, na kumbe anayeolewa hakufichwa kitu. Alitafuta kosa jingine kichwani, akalikosa.

"Pakua," akamwambia Ketrina.

Wakala mpaka mifupa ikabaki mitupu. Firigisi, ambayo ni ya mwenye nyumba, Nathanaeli alimwekea Shadrack kwa mkono wake mwenyewe. Rozi akacheka, kicheko kile kile cha redioni, ingawa mzee hakukubali hivyo hadharani.

Usiku, wageni wameshaondoka na Fausta amelala, Tusekile, aliyelala chumba cha pili, akamsikia Nathanaeli akijigeuza kitandani. "Mama Fausta, yule wa forodha lakini, yule wa mukwai, unamwonaje?"

Ketrina alikuwa ameshaanza kukoroma. Akamuuliza swali lile mara ya pili, akangoja jibu, na katika kungoja huko usingizi ukampitia naye.