Pombe ya Kwanza Kutoka

Kila asubuhi Solange Kerhuel aliinua chupa ile dirishani kabla hata hajavua kofia. Leo spiriti ilikuwa imeshuka tena. Mgongo wa mnyoo ulikuwa nje, umeanza kunyauka kama ganda la kitunguu.

Alikuwa mnyoo wa bahari, mrefu kama kidole, na mwingine hakuwapo. Solange mwenyewe, daktari wa elimu ya wanyama, alimchimbua ufukweni akampa jina. Kwa wataalamu wa wanyama, yule wa kwanza kupewa jina hutunzwa siku zote, ili atakayeokota mwingine aje amlinganishe naye. Kisha vita vikaja. Wajerumani wakamwaga zege juu ya mchanga ule, wakabeba na mapipa yote ya spiriti ya kituo cha utafiti. Tangu hapo Solange alikuwa akipunguza chupa moja ili kuokoa nyingine. Nyota za bahari zilikauka, konokono wakaoza. Sasa hakubaki na chupa ya kupunguza.

Akapanda baiskeli yake, iliyofungwa kamba magurudumuni badala ya mipira, mpaka shambani kwa mjane Perrine Bozec. Mzee Goulven alikuwa uani na mtambo wake wa kupikia pombe kali, kama kila majira ya baridi.

"Daktari kaja!" Goulven akapaza sauti. "Ficheni chupa, minyoo yake ina kiu!"

"Kiu kweli," Solange akasema. "Mama Perrine, naomba chupa moja tu."

"Hizi nakwenda kubadilisha na viatu vya Yannig. Akirudi, atembee pekupeku kwa sababu nimemnywesha mdudu?"

Yannig ni mwanawe. Tangu atekwe vitani hakuleta neno, na majirani walikwisha kuacha kumuulizia.

"Basi nipeni ile ya kwanza kutoka. Ile mnayomwaga."

Goulven akaacha kutabasamu. "Ile ni sumu, binti yangu. Inapofusha."

"Minyoo yangu haina macho."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaonyesha tope kando ya ghala. "Nimeshaimwaga. Na huo ulikuwa mpiko wa mwisho mwaka huu."

Solange akaenda pale, akachuchumaa, akanusa tope. Akavua kofia akaanza kulichotea humo kwa mikono.

"We! Mtu mzima na akili zako!" Perrine akamshika bega. "Utapata nini humo?"

"Mnyoo wangu akikauka litabaki jina tu, Mama Perrine. Jina lisilo na mwili. Hakuna atakayeamini kwamba aliwahi kuwapo."

Mkono wa Perrine ukabaki pale begani. Halafu akaingia ghalani, akatoka akiviringisha kipipa kidogo. Ilikuwa pombe ya matufaha, aliyoikamua mwaka Yannig alipoondoka, akaiweka ya kumpokelea.

"Hiyo hapana, mama," Solange akasema.

"Goulven, washa moto."

"Kipipa kizima kwa kikombe cha sumu?"

"Itakayobaki ni ya Yannig. Hii inakaribia kuchacha. Ikishakuwa kali haichachi, itamngoja."

Goulven hakubisha tena. Alipasua kiti kibovu, kuni zilikuwa zimekwisha. Matone ya kwanza yalipoanza kudondoka, yakinuka kama gundi, Solange aliyakinga kwa kikombe mpaka kikajaa.

Perrine alifuatana naye mpaka kituoni. Solange akamimina polepole. Kimiminika kikapanda, kikaufunika mgongo. Mikunjo haikuondoka.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Sura mbaya!"

"Mbaya sana."

Perrine akaichukua chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama mnyoo yule.

"Na hii ikishuka?"

Solange akakigeuza kikombe juu chini; hakikudondosha hata tone.

"Basi nitapita kesho," Perrine akasema, akiirudisha chupa mezani taratibu. "Tuiangalie wawili."