Zamu za Miaka Ijayo

Siku ile ya Juni ambayo timu za mpira wa kikapu hugawana vijana wapya, baa ya Marcella Toth ilikuwa imejaa kabla jua halijaacha kuwaka kwenye madirisha ya kiwanda cha vioo kilichofungwa, ng'ambo ya mto. Timu ya Toledo, Wapulizaji, iliyopewa jina la wapuliza vioo wa kiwanda kile, ilikuwa imemaliza msimu karibu na mkia wa ligi, na kwa kanuni ya ligi anayeshindwa sana ndiye anayechagua mapema. Mwaka huu zamu yao ilikuwa ya nne. Watu waliokuwa wamenuna tangu Januari walikuwa sasa wamevaa fulana za timu, nyuso zao ziking'aa kama za watu waliokuja arusini.

Emery Bodnar aliingia, akavua kofia, akamtafuta kaka yake kwa macho. Kalman alikuwa mahali pake chini ya televisheni kubwa, sahani ya soseji za Kihungaria mbele yake. Hakugeuka kumsalimu mdogo wake. Alimsogezea kiti kwa mguu. Kati ya ndugu hawa wawili, hiyo ilikuwa salamu kamili.

Haikuwa hivyo zamani. Mama yao alipoanza kusahau kuzima jiko, Emery ndiye aliyempeleka kwenye nyumba ya wazee, wakati Kalman alikuwa safarini na hakuulizwa. Mama alifia huko. Baada ya mazishi Kalman hakugombana wala hakuuliza kitu. Aliacha tu kuzungumza na mdogo wake juu ya jambo lolote lisilohusu Wapulizaji. Msimu ulipoanza, Oktoba, simu ya Emery ililia kila baada ya mchezo. Msimu ulipokwisha, bado palikuwa na mabishano juu ya vijana wa kuchaguliwa. Uteuzi ulipopita, Julai na Agosti simu ilikaa kimya mezani kama jiwe. Emery alikwisha kukizoea kiangazi. Alichokiogopa, na hakupata kumwambia mtu, ni mwaka mzima wa kiangazi.

"Ni yule Mlithuania," Kalman alikuwa akisema, uma mkononi. "Futi saba na ushee. Mikono kama makasia. Anaona pasi kabla wewe hujaona mpira."

"Na magoti yake je?" aliuliza Otis Pruitt, dereva wa basi mstaafu, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani. "Kapasuliwa mara mbili huyo. Wewe unataka timu au unataka wodi?"

"Otis, wewe ndiye uliyesema Odom ni mfupi mno. Leo Odom ni nani?"

"Leo Odom ni mfupi mno, ila anafunga."

Meza nzima ilicheka. Tyrell Odom alikuwa mlinzi wao, mchezaji pekee ambaye timu nyingine zilimtamani, na jina lake lilikuwa mgongoni mwa nusu ya fulana zilizokuwamo baani.

"Mchukueni Mims wa Kentucky," Otis akaendelea. "Kijana ana miguu ya paa."

"Mims! Yule ukimpa mpira umeuaga. Hata mama yake akimpa chumvi mezani hairudi." Kalman alimgeukia Emery. "Sema wewe. Mims au Mlithuania?"

"Mlithuania," alisema Emery. "Magoti yatapona. Macho hayafundishwi."

"Umesikia? Damu hiyo!" Kalman alimpiga Otis begani kwa furaha, na Emery akahisi joto likimpanda kifuani, joto lile lile dogo ambalo lilikuwa likimtosha kwa miaka mingi sasa.

Marcella aliweka bia mezani, akafuta mikono kwenye aproni. "Na huyo wenu akija, atacheza wapi? Mpwa wangu anasema Nashville wanajenga uwanja mkubwa, na timu hawana."

"Marcella, mama, uza bia," alisema Kalman.

"Naulizia biashara yangu. Mkiondokewa nyie, hizi soseji nitakula na nani?"

"Hargrave mwenye timu kasema kwa kinywa chake kwamba timu haiendi popote. Na wale wa Nashville ni watu wa muziki na magitaa. Watajua nini kuhusu kumzuia mtu asifunge?"

Watu walicheka tena, lakini safari hii kicheko kilichelewa kidogo kuanza, na kilipoanza kilikuwa kikubwa kuliko mzaha wenyewe. Emery alitazama nje dirishani. Ukumbi wa michezo ulikuwa pale pale ng'ambo ya barabara, na ukutani pake lilining'inia bango refu la Odom akiruka, mpira mkononi.

Timu ya kwanza ilichagua, ya pili ikachagua. Kabla ya tatu, mtangazaji aligusa sikio lake kama mtu anayeongezewa maneno, akasema pamekuwa na mabadilishano. Wapulizaji wa Toledo wameipa timu ya Omaha zamu yao ya nne, pamoja na Tyrell Odom. Kwa upande wao, Wapulizaji watapokea zamu za Omaha za duru ya kwanza kwa miaka mitatu, kuanzia mwaka wa pili kutoka sasa.

Kisha Otis akauliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Odom? Odom wetu?"

Mtu mmoja aliivua fulana yake, akaitupa sakafuni. Mwingine alimtaja Hargrave kwa jina ambalo Marcella hakulipenda litamkwe mbele ya wateja. Ndipo Kalman akainua mkono.

"Ngojeni. Ngojeni, jamani, tulieni." Alikuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu. "Omaha ni wazee. Kila mchezaji wao wa maana ana zaidi ya miaka thelathini. Mwaka ujao watatamba na Odom, sawa. Baada ya hapo wanaporomoka. Wanaporomoka vibaya! Na wakiporomoka, zamu yao inakuwa ya kwanza, ya pili. Ni ya nani hiyo zamu?"

"Yetu," alisema mtu.

"Ni ya nani?"

"Yetu!"

Furaha ilianzia meza ya Kalman ikaenea hadi mlangoni. Hawa walikuwa watu walioshindwa kwa muda mrefu mno. Walikuwa wamejifunza kuyapenda matumaini kuliko ushindi, kwa sababu ushindi hawakuwa nao na matumaini waligawiwa kila Juni. Mwambie mtu wa Toledo kwamba kesho atashindwa, atakununia. Mwambie kwamba atashindwa miaka miwili ili wa tatu achague kijana wa kwanza, atakununulia bia. Wakaanza kubishana juu ya watoto waliokuwa bado shuleni. Aliyeitupa fulana aliiokota, akaikung'uta vumbi, akaivaa.

"Miaka ijayo!" walipiga kelele, wakigonga meza. "Miaka ijayo!"

Emery hakugonga. Alikuwa amekwama kwenye jambo moja, na kila alipolipitia lilitoka vile vile. Mkataba wa timu na ukumbi ule ulikuwa unakwisha majira ya kuchipua yajayo. Hilo kila mtu mle ndani alilijua. Na katika vyote walivyopewa na Omaha, hapakuwa na kitu hata kimoja cha kutumika kabla ya siku hiyo. Hargrave alikuwa kama mtu anayenunua mapazia ya nyumba ambayo hajamwonyesha mke wake.

Alimwinamia kaka yake. "Kalman. Hizo zamu zote ni za baada ya mkataba kwisha."

"Mkataba gani?"

"Wa ukumbi. Mwaka ujao hatuna kitu, na baada ya mwaka ujao hatuna mahali. Wanahama, kaka."

Kalman aliutua uma. Alipozungumza, hakuinua sauti, ila meza mbili zilimsikia. "Wewe kuhamisha watu ndiyo kazi yako, Emery. Basi unadhani kila mtu yuko hivyo."

Otis aliangalia glasi yake. Marcella aligeukia rafu za chupa akaanza kupanga zilizokwisha pangwa. Kalman alisimama, akatoka nje, na baada ya muda Emery akamfuata.

Nje palikuwa bado na mwanga, hewa nzito, harufu ya mto. Kalman alikuwa amesimama kando ya barabara akitazama ukumbi. Wanaume wawili walikuwa wamepanda juu ya kreni ya kunyanyulia watu na walikuwa wakilifungua bango la Odom, kamba baada ya kamba. Liliporomoka lote, wakalikunja. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweupe kuliko sehemu nyingine. Emery alisubiri waweke bango jingine. Hawakuwa wameleta jingine.

"Machi nilipiga simu Nashville," alisema Kalman.

"Ulipiga simu wapi?"

"Kwenye ule uwanja wao mpya. Kuna msichana pale, sauti kama asali. Nikamuuliza, dada, mnapokea majina ya watu wanaotaka viti vya msimu wa mpira wa kikapu? Akasema, ndiyo, bwana, unataka vingapi?" Kalman alitema mate pembeni. "Hakuniuliza vya timu gani."

Emery alielewa. Kwa hiyo kule tayari palikuwa na viti, na watu wa kuvikalia, na msichana wa kuwaita bwana, wakati huku Hargrave alikuwa bado akisimama mbele ya kamera na kuahidi.

"Na ndani umewaimbisha," alisema.

"Waache wafurahi. Unataka niwape nini kingine?" Kalman bado hakumtazama. "Nikamwambia viwili. Nyumba nitaiuza, dalali anakuja Jumatatu. Kule tutakaa kama hapa, wewe kuliani kwangu."

Ilikuwa ajabu jinsi alivyolisema, kana kwamba lilikuwa limekwisha kubaliwa na wote. Emery aliona maisha hayo yote mara moja: mji wasioujua, kelele za watu wasiowajua, na ndugu wawili wazee wakibishana juu ya mlinzi wa timu hadi mmoja wao azikwe na mwingine.

"Na mama?" aliuliza. "Nani atapita kaburini?"

Mama yao hakuwa ametajwa kati yao tangu siku ya mazishi.

"Mama alikwisha hama mara mbili," alisema Kalman. "Mara ya kwanza ulimhamisha wewe."

"Basi tulizungumze hilo. Leo. Nitukane ukitaka, lakini tulizungumze."

"Viti viwili, Emery. Ndiyo au hapana. Msichana anataka jibu."

Kreni ilikuwa inashuka, injini yake ikilalamika. Emery alijua kwamba alichokuwa akipewa ndicho chote ambacho kaka yake alikuwa nacho cha kutoa, na kwamba hakitaongezwa. Alijua pia kwamba akikipokea, mama yao hatatajwa tena.

"Hapana," alisema. "Njoo kwangu kesho ule, tukae, tuongee juu ya mama. Usiku kucha ikibidi. Lakini Nashville siendi."

Kalman alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesoma matokeo ya mchezo uliokwisha chezwa. Akamgusa mdogo wake kwenye kiwiko, mara moja tu, akarudi baani. Mlango ulibaki wazi nyuma yake.

"Otis!" Emery alisikia sauti yake ikipaa juu ya kelele zote.

"Naam, mkuu!"

"Umewahi kufika Nashville?"

Kicheko kiliripuka. Mtu alipiga mluzi, mwingine akaigiza gitaa kwa mdomo.

"Sitanii," alisema Kalman. "Nina kiti kimoja cha ziada."

Emery alisimama kando ya barabara akisikiliza kicheko kikikatika meza baada ya meza, hadi mle ndani ikabaki sauti ya mtangazaji peke yake, akitaja jina la kijana aliyechaguliwa na Omaha kwa zamu ya nne.